Stika Inasema 6Gb/s, Mashine Inakupa 270: Spidi ya SSD Yako Inapotelea Wapi?

Rada wasee wa Mathare, pamoja na nyinyi wa Huruma na Mlango Kubwa wenye mkiulizwa mnaishi wapi mnasema "karibu na Pangani". Leo hatubongi udaku wa mastaa. Leo ni story ya ganji yako, juu SSD zinapanda bei na mtu anayekuuzia hana haraka ya kukuelezea unachonunua.

Bei inapanda kwa nini? Kampuni za AI zinajenga vituo vya data mfululizo, na zinabeba chipu za memori vile watu wa harusi wanabeba mchele sokoni. Tarehe 3 Desemba 2025, Micron, mmoja wa majitu wa memori duniani, ilitangaza inaachana na biashara ya Crucial, ile brandi yake ya watu wa kawaida, mzigo ukiendelea kutoka hadi Februari 2026 pekee. Sababu walisema wenyewe: wateja wakubwa wa AI wanahitaji hizo chipu. Wewe wa kununua moja moja umesukumwa nyuma ya foleni.

Na hiyo imekupata wakati mbaya. Microsoft ilifunga Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Sasa zunguka Juja Road uingie kila saiba, kila studio ya arbantone iliyojengwa na mabati na blanketi ukutani, kila msee anaediti video za ruracio. Mashine ni ex-UK, kizazi cha nne, cha sita, cha saba. Mpya hawezani nayo. Fundi anamwambia, "Weka SSD tu, itakuwa kama mpya." Jamaa anajikaza, anatoa thao kadhaa za rent, anaweka. Halafu anaipima, stika inasema 6Gb/s na mashine inamwambia 540. Mwingine inamwambia 270. Anarudi kwa fundi akiwa na hasira kama kange amelipwa na noti imeraruka.

Tulia kwanza. Kuna mahali umeibiwa na kuna mahali hujaibiwa, na hizo ni vitu mbili.

Anza na hiyo herufi "b". Kwa stika ni ndogo, na b ndogo ni biti. Kwa kompyuta yako ukikopi faili, inasoma MB, na B kubwa ni baiti. Baiti moja ni biti nane. Hii ni ujanja ule ule wa WiFi ya kejani: unalipia 10 Mbps, ukidaunlodi muvi unaona 1.2 na unafikiri jirani amekuibia paswadi. Jirani ni mwizi pengine, lakini si wa hiyo. 10 gawa kwa 8 ni 1.25. Basi 6Gb/s gawa kwa 8 ni megabaiti 750 kwa sekunde. Mpaka hapo hakuna mtu amekula kitu, ni vipimo tu vimebadilika.

Sasa hiyo 750 inakuwaje 600? Hapa ndio watu wa SATA waliweka sheria yao. Kila biti nane za data yako zinavalishwa zingine mbili, zinakuwa kumi, ndio zipite kwa waya. Hizo mbili si za kupamba: zinasaidia upande wa pili ushike mapigo ya waya, ujue biti moja inaishia wapi na ingine inaanzia wapi, bila kuchanganyikiwa. Chukulia gari ya watu kumi, ndani kuna dere na kange. Gari imejaa, lakini wanaolipa nauli ni wanane. Huwezi mtoa dere ndio uongeze abiria. Kwa hivyo ile 6Gb/s imehesabu mpaka dere na kange. Abiria halisi ni asilimia 80, na asilimia 80 ya 750 ni 600.

Kutoka 600 tena unashuka mpaka 550 ama 560, juu data haisafiri uchi. Inafungwa kwa vifurushi, kila kifurushi kiko na anwani na alama ya kukagua kama kimeharibika njiani, na kila mara pande mbili zinaulizana, "Umepata?" "Nimepata." Hiyo mazungumzo inakula waya pia. Kwa hivyo kama SSD yako ya SATA inasoma 540, mse wangu, hiyo iko fiti kabisa. Hakuna mahali ingine ya kwenda.

Na sasa kitu yenye inaniudhi. Hiyo SATA ya 6Gb/s ilitoka 2009. Tangu hapo haijawahi kuja ya kasi zaidi kwa hizi diski za kawaida. Maanake kila SSD ya SATA kwa kila duka la Luthuli, ya bei ya juu na ya bei ya kutupa, iko na stika moja: 6Gb/s. Hata ile diski ya zamani ya kuzunguka, yenye inatoa kama 100 ikijaribu sana, geuza uangalie: kama si ya kitambo sana, nayo imeandikwa 6Gb/s. Hiyo namba ni ya barabara. Thika Road imejengwa pana mpaka upate kizunguzungu, lakini mat yako iko na spidi gavana ya 80 tangu enzi za Michuki, na tuktuk iko na injini ya tuktuk. Muuzaji anayekusomea 6Gb/s kama sababu ya kununua hii na si ile amekusomea jina la barabara.

Sasa twende kwa yule wa 270, juu huyo ndiye ako na kesi.

Kabla ya 6Gb/s kulikuwa na SATA ya 3Gb/s. Fanya hesabu ile ile ya dere na kange: 300, ukitoa mazungumzo unabaki na 270 ama 280 hivi. Ukiona hiyo namba, SSD yako haina shida, imechomekwa kwa mlango wa zamani. Desktopu za ex-UK za Intel kizazi cha pili ndio zimejaa hii mambo. Bodi za H61 ziko na 3Gb/s peke yake kutoka kwa chipu ya Intel. Bodi za Q67 ziko na milango sita, lakini miwili tu ndiyo ya 6Gb/s. Diski ya kwanza ilikuwa imekaa kwa mlango wowote tu juu haikuwa na haraka. Fundi akatoa hiyo, akachomeka SSD kwa kebo ile ile, akafunga. Kuhamisha kebo kwa mlango wa pili ni dakika tano na haina gharama. PS za mtaa pia zimo: PS4 ya kwanza ya 2013 ndani ni 3Gb/s, na PS4 Pro ya 2016 ndiyo ilikuja na 6Gb/s. Kwa hivyo kama uko na kabanda ka gemu pale Kosovo na ni PS4 za kwanza, weka SSD ya bei rahisi yenye jina, hiyo ghali itakaa tu nyuma ya mlango wa 270 na ile ingine.

Kujua uko kwa mlango gani kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ukiifungua, tafuta mahali imeandikwa Transfer Mode. Utaona namba mbili zimetenganishwa na mstari: ya kushoto ndiyo unapata sasa, ya kulia ndiyo diski inaweza. Ikisoma SATA/300 kushoto na SATA/600 kulia, mlango ndio umekushika. Kama ni laptopu ya zamani yenye mlango ni mmoja tu, basi hiyo ndiyo kejani, zoea.

Sasa NVMe. Hapa ndio wasee wanachapwa pesa mzuri.

NVMe haipiti kwa SATA, inapita kwa PCIe, na PCIe ina leni. Kizazi cha tatu, leni moja inakupa karibu 985 kwa sekunde, na safari hii hesabu ni nzuri: kwa kila biti 130, za kuhudumia ni mbili tu. Gari ya watu 130 na dere na kange wawili, hiyo sasa ni biashara. Leni nne zinakupa kama 3,900, ndio maana SSD za kizazi cha tatu zinauzwa na namba ya 3,500. Kizazi cha nne inaongeza mara mbili, ndio unaona zile za 7,000.

Lakini leni ni za laptopu, si za SSD. Chukua ThinkPad T480, laptopu yenye inapendwa sana na watu wa ex-UK juu iko na kizazi cha nane na inakubali Windows 11. Mahali pa diski kubwa, Lenovo waliweka leni mbili za kizazi cha tatu. Mbili. Hata ukipeleka SSD ya 7,000, haiwezi kuvuka 1,970, na hiyo ni kabla ya mazungumzo ya njiani. T480s, yenye mtu anaweza kufikiri ni kitu kimoja, iko na nne. Herufi moja kwa jina, nusu ya barabara. Muuzaji akikuuzia ya 7,000 kwa T480, umelipia Subaru ya kuzunguka ndani ya ploti.

Halafu usidanganywe na umbo. Hiyo sloti nyembamba inaitwa M.2 na M.2 ni umbo tu. Kuna SSD za M.2 zenye ndani ni SATA ya 550, na kuna sloti za laptopu za kitambo zenye zinakubali SATA peke yake. Ukitia NVMe, mashine inakuangalia tu. Uliza kabla utoe M-Pesa.

Sasa wacha nikuambie kitu yenye namba zote hizo kubwa zinaficha. Hizo 550 na 3,500 na 7,000 zinapimwa na faili moja kubwa ikipita moja kwa moja. Ni mat imetoka Pangani imejaa, haisimami mpaka Roysambu. Maisha ya kompyuta yako hayako hivyo. Ukiwasha Windows, ukifungua Chrome, ukifungua programu ya kutengeneza biti za muziki na sampuli zake elfu moja, hiyo ni mat ya Juja Road saa kumi na mbili jioni: inasimama Mlango Kubwa, inasimama Mabatini, mama ameshuka na gunia, mwanafunzi amepanda, kange anarudisha chenji. Vipande vidogo vya kilobaiti nne, kimoja kimoja, kutoka kila pembe.

Kwa hiyo safari, SSD ya SATA ya kawaida inatoa kati ya 25 na 40. Ndio, megabaiti 25 mpaka 40, ile yenye stika ilisema 6Gb/s. NVMe nzuri inatoa 50 mpaka 80. Ukitumia CrystalDiskMark, ni ule mstari wa mwisho umeandikwa RND4K na Q1T1, mstari wenye hakuna mtu hupiga skrinishoti aweke kwa steta.

Na diski ya kuzunguka? Sindano yake lazima iende mahali, halafu ingojee sahani izunguke ifike. Kwa laptopu, safari moja kama hiyo ni karibu sekunde 0.017, kwa hivyo inafanya kama safari 60 kwa sekunde. 60 mara kilobaiti nne ni 240. Kilobaiti, si megabaiti. Weka hiyo karibu na 30 ya SSD ya bei rahisi uone: zaidi ya mara mia moja. Ndio maana fundi hakukudanganya aliposema mashine itakuwa kama mpya. Kutoka diski mpaka SSD yoyote yenye iko sawa ni kuruka ukuta. Kutoka SSD ya SATA mpaka NVMe ya bei mara mbili, kwa mtu wa Word na Chrome, ni kupanda ngazi moja. Hata kama mlango wako ni ule wa 270, hiyo safari ya vipande vidogo haigusi hata 50, kwa hivyo mlango wa zamani haukuzuii sana kama vile ulikuwa unalia. Mtu wa kufikiria spidi ya faili kubwa ni yule anaediti video ya saa tatu ama anahamisha muvi za kuuza.

Huyo wa video asikize hapa, juu kuna mtego mwingine. Ndani ya SSD kuna seli, na kila seli inaweza beba biti moja, mbili, tatu ama nne. Ukizisongeza nne kwa seli moja, wanaiita QLC, unapata nafasi nyingi kwa bei ndogo lakini kuandika kunakuwa pole sana. Watengenezaji wakafanya ujanja: sehemu ya diski inaandikwa biti moja moja, haraka haraka, halafu baadaye ikikaa bila kazi inapanga vizuri. Hiyo sehemu ikijaa ukiwa bado unaandika, ukweli unatoka nje. Samsung 870 QVO ya 1TB wameandika wenyewe kwa karatasi yao: 530 ya kuandika mpaka hiyo sehemu ijae, yenye ni kama gigabaiti 42, halafu 80. Piga hesabu ya gigabaiti 100 za harusi ya Jumamosi: 42 za kwanza dakika moja na nusu, 58 zilizobaki dakika 12. Hiyo 80 diski ya kuzunguka inaweza kuipita, na si kasoro, imeandikwa kwa herufi ndogo.

Kuna zile hazikuandikwa. 2021 iligunduliwa Crucial P2, yenye iliingia sokoni na seli za biti tatu, ilikuwa imegeuzwa ya biti nne na jina likabaki lile lile. Mwaka huo huo WD ilibadilisha chipu za SN550 na ikashikwa, sehemu ya haraka ikijaa ile mpya ilikuwa pole kuliko ile iliyopimwa mwanzo. Wakakubali na kusema siku zingine watabadilisha namba ya modeli. Kwa hivyo ile video ya YouTube ulitazama kabla ya kununua inaweza kuwa inaongea juu ya kitu ingine ndani ya kasha lile lile.

Haraka haraka: usijaze SSD mpaka juu, juu kwa nyingi hiyo sehemu ya haraka inakatwa kutoka kwa nafasi iliyobaki. Acha hata asilimia 15. Na NVMe ikipata joto sana inajipunguza yenyewe isijichome. Kama studio yako ni mabati na ni mwezi wa pili saa nane mchana, unajua vile hapo ndani kunakuwanga. Inua laptopu kutoka kwa kitanda, blanketi imeziba matundu.

Na kabla ulaani SSD ya kubeba ya nje, angalia kebo. USB 2.0 ni megabiti 480, kwa mkono ni 30 ama 40 tu. Kebo nyingi za Type-C za kuchaji simu ndani yake ni hiyo USB 2.0, kichwa kinafanana na ile ya kasi. Hata Apple: iPhone 15 ya kawaida ya 2023 iko na Type-C na bado ni 480. Tumia kebo iliyokuja na diski, na mlango wa USB 3, mara nyingi ni ule wa bluu, utaona 400 na kitu. Hizo SSD za nje za 2TB na zaidi zenye zinauzwa bei ya chips na soda, hizo hata usipime spidi. Nyingi ndani ni kadi ya simu imegluwa kwa bodi, imefunzwa kudanganya ukubwa wake. Ukijaza, faili za zamani zinaliwa kimya kimya. Programu ya H2testw inazishika, lakini inachukua muda mrefu juu lazima ijaze diski yote.

Ukienda tao na hii pesa yako ya jasho, basi: laptopu ya kizazi cha sita kwenda chini ya kazi ya kawaida, SSD ya SATA yenye jina inatosha, na usiongeze soo hata moja juu ya stika ya 6Gb/s. T480, NVMe ya kizazi cha tatu yatosha. Mtu wa video, uliza kama ni TLC ama QLC, na akikuambia "ni orijino tu bro" jua hajui. Weka CrystalDiskInfo kwa flashi, ile ya zipu inafunguka bila kuiingiza kwa mashine. Mwambie achomeke SSD, awashe, muangalie pamoja Transfer Mode, na masaa yenye imefanya kazi, juu kuna zenye zinauzwa mpya na zimeshafanya kazi miaka miwili kwa mtu mwingine. Akikataa kuwasha, duka lingine liko upande wa pili wa barabara.